Mama wa Steringi Hayumo kwenye Picha

Picha mpya ya fundi wa nguzo ni mbovu. Nalisema mapema ili anayetaka kugombana na mie aanze sasa hivi. Nimeiangalia mara mbili, mara ya kwanza kwa binti yangu Tabata, mara ya pili Manzese kwenye banda la mtu ninayemchukia, na mara zote mbili ilikuwa mbovu. Wameichukua ile ya zamani, wakaiogesha, wakaipaka mafuta, wakatuletea wakisema ni ile ile. Si ile ile. Ya zamani naijua, nimeisema kwa mdomo wangu huu mara nyingi kuliko nilivyosali.

Kwa ambaye hajaiona, habari yenyewe ni fupi. Kuna mji mdogo milimani, theluji hadi magotini. Majambazi wanakata umeme wa mji mzima ili wakavunje benki. Mafundi wote wa umeme wanakamatwa na kufungwa kamba, isipokuwa mmoja aliyekuwa bado juu ya nguzo, hawakumwona. Huyo ndiye steringi, shujaa wa picha. Mguu mmoja mbovu. Anashuka na mkanda wake wa kazi na koleo, anawamaliza mmoja mmoja mpaka anabaki na mkubwa wao, bwana mmoja mwenye jino la dhahabu. Wanapigana juu ya nguzo, adui anaanguka. Imeisha.

Ndivyo ilivyo ukiiangalia kwa macho tu. Sisi Manzese hatukuiangalia kwa macho tu.

Banda lilikuwa kando ya barabara ya Morogoro, kabla hawajabomoa kupisha mabasi ya mwendokasi. Mbao, bati, mabenchi yasiyo na mgongo, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mkaa ili mwanga usiingie mchana. Watu waliyaita mabanda hayo banda umiza, na aliyekaa kwenye yale mabenchi saa mbili hakuuliza kwa nini. Mbele kulikuwa na televisheni moja na deki ya kaseti. Pembeni ya televisheni, juu ya kreti la soda, nilikaa mie na maiki. Nilikuwa mtafsiri.

Nikisema mtafsiri usidhani mtu wa kamusi. Mie nimeishia darasa la saba, Singida vijijini. Kiingereza nilichotoka nacho shule ni cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwenye banda alinichukua kwa sababu ya sauti. Alinisikia sokoni nikinadi mitumba, akaniambia, "Wewe sauti yako inasimamisha mtu. Njoo kwangu." Nilimwambia lugha siijui. Akacheka. "Nani anaijua? Wewe ongea. Sharti langu ni moja: usinyamaze. Ukinyamaza wanatoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi, usinyamaze. Na ya pili ilikuwa kwamba picha hatuiangalii kabla. Kaseti ilikuwa ya kuazima, inafika saa nne asubuhi, saa tano watu wameshajaa, unaingia mkavu. Unamwona steringi pale wanapomwona wao. Wao wanakusubiri wewe uwaambie anasema nini, na wewe unamsubiri yeye akunje sura. Nikajifunza kusoma sura. Mdomo ukitetemeka, kuna msiba. Akiangalia chini, anadaiwa au amefumaniwa. Akivuta sigara polepole, hapo unaweka mpango wa kuua. Mara nyingi nilipatia. Pale nisipopatia hakuna aliyejua, maana na wao walikuwa darasa la saba wenzangu.

Sasa, kwenye picha ya fundi wa nguzo kuna sehemu ya simu. Katikati kabisa. Steringi ameshaua wawili, anajificha kwenye nyumba moja, anakaa kwenye ngazi, kofia imejaa theluji, anapiga simu. Anaongea dakika tatu nzima. Hakuna risasi, hakuna gari, mtu anaongea na simu tu, tena kusikiliza kwingi kuliko kuongea. Machozi yanamlengalenga.

Banda limejaa, maiki iko mdomoni, nifanye nini?

Nikasema anaongea na mama yake. Mama anamwambia: mwanangu, baba yako amekufa, tumekungoja siku tatu hukuja, tumemzika bila wewe.

Hilo sikulitoa mbali. Baba yangu mwenyewe alikuwa amekufa miezi minne nyuma, barua ikanifikia wiki ya pili yake. Sikuwa nimemwambia mtu pale Manzese. Nikamtwika steringi.

Halafu picha iliendelea, naye alikuwa bado na simu sikioni, na mie siruhusiwi kunyamaza. Nikakumbuka kwamba mwanzoni steringi na yule mwenye jino la dhahabu waliangaliana sana, kupita kiasi cha watu wasiojuana. Basi nikamfanya mama aseme: na huyo unayetaka kumuua, mwanangu, ni damu ya baba yako, alimzaa nje.

Banda zima likaguna. Mpaka leo nikilikumbuka lile guno nasisimka.

Kuanzia hapo kila ngumi ilikuwa na uzito. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Usimuue, ndugu yako huyo." Mbeba magunia mmoja, jitu la miraba minne, alilia akajifuta na kofia. Akina mama waliokuwa wanapika nje waliacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Na mwisho kule juu ya nguzo, steringi kamshika adui mkono, wanaangaliana, halafu anamwachia. Hapo midomo ya steringi inacheza kidogo, neno moja au mawili. Mie nikasema: "Msalimie baba. Mwambie nilichelewa."

Mwaka mzima Manzese ilikuwa hiyo. Mtu akifukuzwa kazi, msalimie baba. Timu ikifungwa, mwambie nilichelewa. Watu walikuja kutoka Temeke kuja kuiona, na kwao mabanda yalikuwepo, picha hiyo hiyo, ila mtafsiri wao alisema mambo mengine, nadhani alisema simu ile ni ya polisi. Walikuja kwangu kwa sababu ya mama. Mwenye banda akanirekodi kwenye kaseti, sauti yangu juu ya picha, akawa anaonyesha hata siku ambazo sipo.

Halafu koo likaanza.

Wa kumtaja hapa ni yule mganga wa zahanati ya uchochoroni aliyenipa vidonge vya tonsesi karibu mwaka mzima. Kila nikienda, fungua mdomo, aa, tonsesi. Hakuwahi kuwasha hata tochi. Nilipofika hospitali kubwa, daktari wa kike aliniangalia akaniuliza nilikuwa wapi siku zote. Walinikata. Chumba kile tulikuwa watano wenye mambo ya koo, nimebaki mie. Sauti yangu sasa ni kama mtu anaburuta bati kwenye zege, na ukikaa mbali hatua tatu hunisikii.

Mwenye banda alikuja wodini mara moja. Alileta machungwa. Mtu nimekatwa koo, nakunywa uji kwa mrija, analeta machungwa. Alikaa, akayala mawili, akasema nipone haraka. Niliporudi Manzese miezi baadaye nikamkuta kwenye kreti langu, na maiki yangu, anasema maneno yangu. Mama, baba, damu, yote. Nikasubiri watu watoke. Nikamwambia kwa sauti ndogo niliyobaki nayo kwamba ile ni kazi yangu.

Akanijibu, "Kazi yako? Ile sauti ya kwenye kaseti ni yangu, kila mtu anajua. Wewe ulikuwa unasaidia-saidia."

Nilijaribu kupiga kelele. Jaribu kupiga kelele bila koo uone.

Sasa utauliza, na wale watu? Si walikuona? Waliniona. Lakini mabanda yalibomolewa, watu wakatawanyika, wengine Mbagala, wengine Kivule, wengine makaburini. Waliobaki nilipowauliza walisema, "Ah, mzee, ya zamani hayo." Mmoja alinisema usoni nina wivu. Naye ni mtu niliyewahi kumwingiza bure. Mwenye banda akahamia ndani, nyuma ya gereji, akafungua banda jipya la viti vya plastiki na projekta, na chumba ambacho mwanawe anatafsiria picha na kuwajazia watu kwenye flashi. Akaandika mlangoni kwamba yeye ndiye mtafsiri wa kwanza wa fundi wa nguzo. Kaseti aliyonirekodi alisema ililiwa na ukungu. Mwanawe kayajuaje maneno yangu yote mpaka pumzi zake, kama kaseti ililiwa na ukungu?

Miaka imepita hivyo. Mie nashona viatu Tabata, kwenye kibaraza cha binti yangu. Yeye ni karani kwenye ofisi ya mizigo, amesoma, Kiingereza anaongea na simu akiwa anakaanga mayai. Ndiye aliyeniambia fundi wa nguzo imetengenezwa upya.

"Baba, ile picha yako imetoka nyingine. Nikuletee?"

"Lete na ya zamani," nikamwambia. "Nataka nizilinganishe."

Jumamosi mchana akaweka laptopu juu ya stuli. Akaanza na ya zamani. Sikuwa nimewaza kitu kimoja: hiyo haikuwa na sauti yangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia steringi akiongea kwa sauti yake mwenyewe. Zile siku za banda nilikuwa nashusha sauti ya televisheni ili isinipige kumbo. Kumbe ana sauti nyembamba, mtu mkubwa vile. Nikacheka. Halafu tukafika kwenye simu, nikaacha kucheka.

"Hapa anasema nini?" nikauliza.

Binti akasikiliza. "Anaongea na ofisi."

"Ofisi gani?"

"Ya kampuni ya umeme. Wanamwambia mkataba wake umeisha tangu mwisho wa mwezi. Mafao ya mguu hawampi, wanasema aliumia siku isiyo ya kazi. Anawaambia majambazi wameingia mji, yule mama wa ofisini anamwambia hiyo apige namba nyingine."

"Mama gani?"

"Mhudumu, baba. Karani."

"Mama yake hayumo?"

"Mama yake nani?"

"Wa steringi."

Akanigeukia. Alikuwa hajazaliwa wakati ule, ila alikulia kwenye hiyo hadithi, nilimsimulia tangu mdogo. Nilimwona anaelewa taratibu, na nilimwona anatafuta namna ya kunisaidia.

"Labda toleo jingine," akasema.

"Usinidanganye."

"Hayumo, baba. Na yule wa jino la dhahabu hawajuani kabisa. Mwisho pale juu anamwambia tu, mikono yangu imechoka."

Mikono yangu imechoka. Nikaomba maji.

Nitasema kweli, kwa sababu kama ningetaka kudanganya ningebaki na maiki. Ile ya ofisi ni nzuri. Mtu anapigania mji ambao umeshamfukuza kazi, na anajua, na anapanda nguzo hivyo hivyo. Ningeijua wakati ule ningeisema, na wabeba magunia wangeielewa kuliko mtu yeyote. Nilikosa kitu kizuri nikaweka changu. Changu nacho kilikuwa kizuri. Siombi radhi, natoa taarifa.

Kisha binti akaweka mpya, na hapo hasira zikarudi mahali pake, nikajisikia vizuri. Theluji ya kwenye mpya haimloweshi mtu. Steringi wao kijana ana meno meupe, anaanguka kutoka ghorofani anasimama anajipangusa, nywele ziko vile vile. Kila ngumi wanakatakata, mkono wa huyu, sikio la yule, huoni nani kampiga nani, na picha yote ni giza kama wamekatiwa umeme wao waliotengeneza. Ya zamani mtu akipigwa unamwona anatafuta pumzi. Mguu mbovu wameuacha, hilo nawapa, na wameonyesha ulivunjikaje, jambo ambalo ya zamani haikusema. Ila ile simu ya dakika tatu wameitoa. Huyu wa sasa anatumiwa meseji. Anaisoma sekunde tano, anakunja sura, anaweka simu mfukoni. Binti akanisomea: kampuni inakushukuru kwa utumishi wako. Na adui si mwanaume tena. Jino la dhahabu hakuna. Ni mwanamke mrefu wa koti jeupe. Mwisho, kule juu ya nguzo, kabla hajaanguka, anambusu steringi mdomoni, kwa muda mrefu, kwa sababu inaonekana zamani walikuwa wapenzi.

"Hii wameiharibu," nikamwambia binti.

"Mie nimeipenda kidogo," akasema.

Siku ile ile jioni, fundi viatu mwenzangu akanionyesha kwenye simu bango kutoka Manzese. Fundi wa nguzo mpya, Jumapili saa nane, inatafsiriwa moja kwa moja na mtoto wa mtafsiri wa kwanza, maneno yale yale yaliyowaliza wazazi wenu.

Maneno yale yale. Nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, hatimaye nimewapata. Ukisema mama wa steringi yumo kwenye hiyo picha, umeiba, maana hawezi kutoka kwenye picha, alitoka kwangu. Hakuna Kiingereza ambacho kingekupa mama. Nilikuwa nimetafuta ushahidi wa kazi yangu miaka yote na ulikuwa umekaa ndani ya kosa langu. La pili, ili niutumie huo ushahidi itabidi nisimame mbele ya watu wa Manzese niseme kwamba kile kilichowaliza hakikuwepo. Kwamba mtafsiri wao alikuwa anajitungia. Sina kingine katika mji huu zaidi ya ile picha. Nyumba ni ya binti, koo ni la hospitali.

Nilienda. Nilitoka kanisani nikaenda na nguo zile zile.

Banda lilijaa, na nilichukia kuona limejaa. Nilikaa nyuma karibu na spika. Mwenye banda alikuwa mlangoni, kanzu safi, ameota kitambi, anasalimiwa shikamoo na kila kijana anayeingia. Aliniona. Hakunisalimia, na mie sikumsalimia. Mwanawe alikaa mbele na maiki, kijana wa miaka kama thelathini, mpole, ana sauti nzuri, simnyimi. Kabla ya kuanza aliwaambia watu, "Kwetu tunaingia mkavu kama mzee alivyoingia. Sijaiona, tutaiona wote." Wakapiga makofi. Kwa hiyo alikuwa hajaiona. Nikakaa vizuri.

Steringi akapanda nguzo. Majambazi wakaja. Yule mwanamke wa koti jeupe akatokea, wakaangaliana na steringi kwa mbali, na hapo hapo kijana akasema, "Huyu mwanamke mtamfahamu, msiwe na haraka." Halafu ikaja meseji. Sekunde tano. Kijana anaongea haraka kama mtu anakimbilia basi: "Ni mama yake amemwandikia, mwanangu, baba yako amekufa, tumekungoja siku tatu hukuja, tumemzika bila wewe, na huyo unayetaka kumuua ni damu ya baba yako, ni dada yako, alimzaa nje."

Guno likaja. Lile lile. Mzee mmoja mbele yangu akamwambia jirani yake, "Enhe, sasa ndiyo yenyewe."

Meseji yote hiyo sekunde tano, na hakuna aliyeuliza.

Zilikuwa zimebaki kama dakika arobaini mpaka kule juu. Ningeweza kwenda mbele nikamgusa bega, nikamnong'oneza. Kijana mwenyewe hajanikosea moja kwa moja, amefundishwa na baba yake kama mie nilivyofundishwa na shida. Nilifikiria hilo. Halafu nikafikiria machungwa. Nikakaa.

Kila walipopigana akawa anaongeza. Dada, baba alikupenda wewe. Kaka, mimi nililelewa na mjomba. Watu wamekolea. Mama mmoja wa makamo karibu na mlango analia kabisa. Wakafika kwenye nguzo. Upepo, theluji ile isiyolowesha. Mwanamke kateleza, steringi kamdaka, kamvuta juu, nyuso zimekaribiana. Kijana, kwa sauti ya huzuni, akasema, "Kaka, tusameheane, sisi ni damu moja."

Na wakabusiana.

Kijana akanyamaza. Kwenye sheria zote za kazi hiyo ndiyo aliyoivunja, akanyamaza, na wale wawili wakaendelea, hawana haraka.

"Oya," sauti ikatoka gizani. "Si umesema dada yake huyo?"

"Kwao labda ndiyo salamu," mwingine akajibu.

"Salamu gani ya kushikana kiuno."

"Baba mmoja, jamani. Baba mmoja."

Yule mama aliyekuwa analia akasimama akafunga kanga vizuri. "Mie naondoka. Sikuja hapa kuonyeshwa laana."

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele kama maji. Watu wanapigana mabega. Kijana anasema "ngojeni, ngojeni," maiki inapiga mluzi. Mwenye banda akaja mbele mbio, akasimamisha picha, wale wawili wakagandia pale pale kwenye ukuta, midomo imeshikana, kitu kikubwa kama nyumba. Akawasha taa. Bora angeacha.

Jamaa mmoja wa gereji, bado ana ovaroli, akasimama. Huyu hakuwa anacheka. "Mzee, nikuulize. Bango linasema ni maneno yale yale. Haya maneno ni ya nani? Maana mie baba yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema ile picha ni ya ndugu wawili. Ilikuwa ya ndugu au hamkuwa mnajua mnachosema?"

Watu wakatulia wasikie. Mwenye banda akapangusa uso. Akaangalia huku, akaangalia kule, akaniona. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajanyanyua mkono.

"Muulizeni yule pale nyuma," akasema. "Mwenye shati la kanisani. Yule ndiye aliyekuwa anatafsiri. Maneno yake yale. Mie nilikuwa mwenye deki tu."

Baada ya miaka yote. Mbele ya watu, kwenye taa, kwa mdomo wake.

Vichwa vyote vikageuka. Nikatambua kwamba ninaweza kummaliza. Ningetikisa kichwa tu, sijui, mie mshona viatu, bango liko nje na jina lake liko mlangoni. Angebaki na hiyo aibu iliyobandikwa ukutani mpaka anakufa. Hakuna ambaye angemwamini. Nilitamani. Mdomo ulikuwa umeshaanza kusema sijui.

Lakini ningesema hivyo, lile guno la mwaka ule lingekuwa lake moja kwa moja. Yule mbeba magunia angekuwa amelizwa na yeye. Na baba yangu, niliyemzika kwa maiki kwa sababu sikuwepo kumzika kwa mikono, angekuwa baba wa hadithi ya mla machungwa.

Nikasimama. "Ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Wakaniangalia mdomo. Kijana akaja na maiki akanisogezea, lakini kwa sauti yangu maiki inatoa mikwaruzo mitupu, watu wakaziba masikio. Akaizima, akainamisha sikio kwenye mdomo wangu, akaiwasha kwake.

"Anasema ni yake," akawaambia.

"Yote," nikamwambia. "Mama, msiba, udugu. Kwenye picha hamna. Hata ile ya zamani hamna. Anaongea na ofisi, wamemfukuza kazi."

Akanyanyua kichwa akaniangalia kama nimemchapa. Halafu akasema, sawasawa, neno kwa neno. Yule wa ovaroli akakaa chini polepole. Mtu mmoja akasema, "Yaani hata mama hayumo?"

"Sikujua Kiingereza," nikaendelea. "Hata kidogo. Nilikuwa naangalia sura."

Kijana akageukia watu, akalainisha sauti, akasema, "Mzee anasema Kiingereza kilikuwa kinampa shida kidogo."

Nikamshika shati kifuani. Baba yake alikuwa ametupa mgongo, anachezea nyaya za projekta ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Sema nilivyosema," nikamwambia.

"Anko, mbona nakusaidia."

"Sema nilivyosema."

Akaweka maiki mdomoni. "Anasema alikuwa hajui Kiingereza. Hata kidogo. Alikuwa anaangalia sura."

Nikamwachia shati.